Sindano za kinga hazisubiri goti livimbe

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbeya aliniandikia kwamba mwanawe mwenye himofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, hajavimba goti kwa miezi kadhaa, na kwamba mawifi zake wanamshauri asimamishe sindano za kuzuia damu isivuje ili dawa iliyopo iwekwe akiba ya dharura. Maneno hayo nayafahamu, kwani hata mimi, ninayemchoma mwanangu mwenye himofilia, niliambiwa mbele ya wageni kwamba namtoboa mtoto mzima, na aliyeyasema hajaniomba radhi hadi leo.

Dada yangu, goti limetulia kwa sababu ya hizo sindano. Mwenye himofilia kali ana faktari ya 8, yaani protini ya kugandisha damu, isiyofika asilimia 1 ya kiwango cha kawaida, na ile anayoongezewa hupungua nusu kwa takriban saa 12, kwa watoto hata upesi zaidi. Ndiyo maana wengi huchomwa mara tatu kwa wiki. Madaktari wa Sweden walianza kinga hii mwaka 1958, baada ya kuona kwamba wagonjwa wenye asilimia 1 hadi 5 hawaharibiki sana viungo. Damu inayovujia ndani ya kiungo hula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na gegedu likishaliwa hakuna sindano inayolirudisha.

Kwangu kazi hii hufanyika alfajiri. Maji huingia katika kichupa cha unga, nami hukizungusha taratibu bila kukitikisa mpaka dawa iwe angavu; kisha mwanangu mwenyewe hukaza mpira mkononi na kunionyesha mshipa. Nesi aliyenifundisha alisema mkono wangu ni mwepesi kuliko wake, na sioni haya kulirudia hapa. Mtoto waliyemtabiria magongo huenda shule kwa miguu.

Basi shika ratiba, andika kila dozi daftarini, na ushike ratiba hata ukoo mzima ukikucheka. Mishipa ikichoka, muulize daktari kuhusu emicizumab, dawa nyingine ya kinga inayochomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili au nne. Hata hivyo haizimi damu iliyokwisha kuanza kuvuja, kwa hiyo dawa ya dharura bado itahitajika. Na akivuja damu ilhali ratiba umeishika, omba apimwe kingamwili zinazozima nguvu ya faktari, kabla mtu hajakulaumu kwamba humchomi.