Mnauliza kama serikali ya huku inanilipa

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu juzi, na alichouliza najua ndicho kinachozungumzwa na ukoo mzima pale Tanga: "Shangazi, tunasikia umeacha kazi na serikali ya Marekani inakulipa ukiwa umekaa nyumbani. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona hela hazifiki kama zamani?" Yeye mwenyewe amecheza bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani, na anasubiri majibu, kwa hiyo ana haki ya kujua. Najibu kwa maandishi ili wote mpate maneno yaleyale.

Ni kweli nalipwa. Hela yenyewe ni mafao ya ulemavu ya Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa huku, na haitoki kwenye huruma ya mtu. Kila mshahara niliopokea huku ulikatwa asilimia 6.2 kabla sijaugusa, na mwajiri akaongeza kiasi hichohicho. Makato hayo ndiyo yanayokujengea haki. Haki hiyo inahesabiwa kwa alama, na kwa mwaka unaweza kupata zisizozidi nne. Mwaka 2025 alama moja ilihesabiwa kwa kila dola 1,810 ulizolipwa kihalali. Aliyevuka miaka 31 lazima awe na angalau alama 20 ndani ya miaka 10 ya mwisho kabla hajalemaa, yaani kama miaka mitano ya kazi. Kijana anahitaji chache zaidi, mtu mzima nyingi zaidi. Ukiacha kazi ukakaa, baada ya takriban miaka mitano kinga hiyo nayo inaisha.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Ukifika utakutana na ndugu watakaokutafutia kazi ya kulipwa taslimu mkononi kila Ijumaa, bila makato. Wengine watakupa namba ya Social Security ya mtu mwingine uanzie nayo, na jasho lako lote litaandikwa kwa mwenye namba. Namfahamu baba mmoja wa pwani ya Kenya aliyepaka rangi nyumba za watu kwa miaka mingi kwa mtindo huo. Alipopigwa na kiharusi, rekodi yake ilifunguliwa ikakutwa karibu tupu. Alikuwa mchapakazi kuliko mimi. Tulimchangia nauli, akarudi kwao na fimbo.

Kuhusu ugonjwa. Unaitwa MS, kwa kirefu multiple sclerosis. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia mafuta yanayofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ni kama nyaya za umeme zilizochunika ganda, taarifa inafika nusu au haifiki. Karibu na ikweta ni ugonjwa wa nadra, ndiyo maana hamjausikia na ndiyo maana baadhi yenu mmesema nimerogwa. Sikatazi dua, nazipokea zote. Ila msimlipe mganga kwa ajili yangu. Picha za MRI zilionyesha makovu, maji ya uti wa mgongo yakathibitisha, na dawa ninazo.

Ulianza na jicho la kushoto. Lilikuwa linauma nikiligeuza, na rangi nyekundu ikawa kama imefuliwa mara nyingi. Likapona. Miezi ikapita, miguu ikaanza kufa ganzi, na uchovu ukaja ambao sijawahi kuujua hata nilipokuwa nikifanya shifti mbili mfululizo. Joto linauzidisha. Hapa Minnesota, penye baridi mnayonionea huruma, nimeomba Mungu majira ya joto yapite upesi.

Kazi yangu mnaijua: msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani, kumnyanyua. Siku moja nilikuwa namhamisha bibi mmoja kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, nimeshamfunga mkanda kiunoni, nimehesabu moja mbili tatu, mguu wa kulia ukakataa. Mwenzangu alikuwa mlangoni na ndoo ya mashuka, akairusha, akatudaka wote wawili. Bibi wa watu hakuumia. Lakini nilijua siku ileile kwamba mikono yangu haikuwa salama tena kwa mzazi wa mtu.

Mwajiri hakunifukuza. Sheria ya mwaka 1990 inamtaka amrekebishie mlemavu mazingira ya kazi pale inapowezekana, basi wakaniweka mapokezi, nimekaa, na feni. Macho yakawa yanachoka kwenye kompyuta, nikawa nasahau nusu ya ujumbe wa simu. Nikachukua likizo ya ugonjwa. Kisheria zilikuwa wiki 12, kazi yangu ikilindwa, lakini bila kulipwa hata senti. Zilipoisha, niliacha. Ilikuwa mwaka 2021.

Mnaofikiri ukishaugua unajaza fomu hela inaanza kuingia, sikieni masharti. Lazima uthibitishe kwamba huwezi kufanya kazi yoyote ya maana, siyo ile yako tu, na kwamba hali hiyo itadumu angalau miezi 12 au itakuua. Hakuna ulemavu wa nusu. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Kuna watu wana MS na wanakwenda kazini kila asubuhi, Mungu awazidishie. Wanachopima watu wa Social Security ni kile usichoweza kufanya, na wanakipima kwenye karatasi, kwa maana anayeamua mwanzoni hajawahi kukuona.

Hapo malezi yetu yanatuponza. Sisi tumefundishwa kwamba ukiulizwa hali unasema sijambo, namshukuru Mungu, hata ukiwa umelazwa. Muuguzi wa huku akisikia hivyo anaandika kwenye faili: mgonjwa anaendelea vizuri. Mwanasheria wangu aliniambia sentensi hiyo imewaangusha wateja wake wengi kuliko ukosefu wa vipimo. Kwetu husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kinachokuumbua ni faili. Mwambie daktari umeanguka bafuni. Mwambie haja ndogo imekutoka kabla hujafika chooni. Ni aibu, najua, na mimi nimeyasema mbele ya kijana wa umri wako aliyekuwa akichapa kila neno.

Kisha ikaja fomu ya maisha ya kila siku. Unapika? Unapika nini, kwa muda gani? Unaweza kuvaa bila msaada? Nilijaza na mume wangu mezani, yeye akiandika kwa sababu kalamu inanitoka mkononi. Kwenye swali la mapishi akanyamaza kidogo, halafu akaandika: zamani alipika ugali, wali wa nazi, maharage ya watu wanane, sasa anachemsha chai akiwa amekaa kwenye kiti, na birika namshushia mimi. Shati la vifungo sivai tena. Kusoma maisha yako yameandikwa hivyo kunaumiza kuliko sindano ya mgongoni. Lakini ndiyo yaliyokuwa kweli.

Nikakataliwa. Nikaomba wapitie upya, nikakataliwa tena. Wengi hukataliwa mwanzoni, na wengi huishia hapo kwa kudhani serikali imeshasema. Una siku 60 za kukata rufaa kila hatua. Ukizipitisha bila sababu nzito unaanza upya. Wakili humlipi mapema: anachukua asilimia 25 ya malimbikizo, yaani mafao ya miezi ya nyuma, ukishinda, na kuna kikomo, ambacho mwishoni mwa 2024 kilipandishwa hadi dola 9,200. Ukishindwa, hapati ada. Msiogope kumtafuta.

Kesi ilisikilizwa mwaka 2023, mbele ya jaji, kwa simu. Kulikuwa na mtaalamu wa ajira. Jaji akamuuliza: mtu wa umri huu, mwenye uzoefu huu, anayeweza kusimama saa mbili tu kwa siku, kuna kazi anayoiweza? Akataja kazi za kukaa. Jaji akaongeza: na kama mtu huyo atakosa kazini siku mbili au zaidi kila mwezi? Akajibu hakuna mwajiri atakayemvumilia. "Mtu huyo" ni mimi, na nilikuwa nasikiliza. Nilishinda kwa jibu hilo, na nililia kwa jibu hilohilo.

Sasa hela. Miezi mitano kamili ya mwanzo tangu kulemaa hailipwi kabisa. Bima ya afya ya Medicare inaanza baada ya miezi 24 ya kustahili mafao. Wenye ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, ndio walioondolewa vipindi hivyo viwili vya kusubiri. Katikati nilibebwa na bima ya jimbo ya watu wa kipato cha chini, la sivyo ningekosa dawa. Natundikiwa dripu ya okrelizumabu kila miezi sita, dawa ambayo ilipoingia sokoni 2017 bei yake rasmi ilikuwa kama dola 65,000 kwa mwaka. Malimbikizo niliyolipwa, ambayo najua yalisikika huko kama utajiri, yaliingia kwenye kodi ya nyumba tuliyokuwa tunadaiwa na kadi za mkopo tulizoishi nazo miaka miwili. Kinachoingia sasa kila mwezi hakifiki nusu ya nilichokuwa napata na shifti za ziada. Na siwezi kuongeza kwa kibarua kikubwa: mwaka 2025 aliyejipatia kwa kazi zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi, kwa kawaida alihesabiwa kuwa anaweza kazi.

Mama ameuliza kwa nini sirudi nikapumzike nyumbani. Mama, Medicare hailipii matibabu nje ya Marekani isipokuwa kwa nadra sana, na dripu hii siwezi kuikosa. Uraia wa huku sijachukua kwa sababu ningepoteza wa Tanzania, na mwenye green card akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali anaweza kuhesabiwa amehama. Nitakuja kwa wiki chache kati ya dripu na dripu, mwezi wa Julai, joto la Tanga likiwa limepungua.

Mama, dawa zako za presha sijazigusa, zitaendelea kulipwa. Ada ya watoto wa mdogo wangu siwezi tena. Nimemwambia mwenyewe na analijua. Mchango wa harusi nitautuma kwa mafungu mawili.

Na wewe mwanangu, jina likitoka, nipigie kabla hujakata tiketi. Ukishapata namba yako ya Social Security nitakukalisha nikuonyeshe akaunti ya mtandaoni inayoorodhesha mapato yako mwaka kwa mwaka. Kila Januari tutaifungua pamoja tulinganishe na karatasi zako za mshahara.