Kwa nini 4G inageuka E nikipigiwa simu?

SWALI: Nauza vitenge Mwanza kwa kutuma picha WhatsApp. Mteja akinipigia simu ya kawaida, picha inaganda katikati, na ile 4G juu ya kioo inageuka H, mara nyingine E. Nikikata, inarudi. Fundi anasema laini imechoka, niibadilishe. Ni kweli?

JIBU: Laini yako ni nzima, dada. Hela ya fundi nunulia bando.

Mitandao hii ilijengwa kwa ajili ya maongezi. Kwenye GSM, yaani mtandao wa 2G, kila chaneli ya kilohezi 200 imegawanywa nafasi 8 za muda, na anayeongea hukalia yake tangu “haloo” mpaka akate, hata akinyamaza kuhesabu chenji. Data ilipoingia na GPRS, njia ya kupitisha data kwenye GSM, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa mpangaji wa chumba cha uani: inatumia nafasi zilizobaki, na wapigaji wakizidi inabanwa. E yako, yaani EDGE, ni ya ukoo huohuo, ila inapakia mzigo zaidi.

Leo mpangaji ndiye mwenye nyumba. 4G, iliyoanza kibiashara Desemba 2009 kule Stockholm na Oslo, ilibuniwa kubeba pakiti za data tu, yaani data iliyokatwa vipande vidogo. Maongezi ya mtindo wa zamani hayana kiti humo. Kwa hiyo mteja akikupigia, mtandao unaishusha simu yako kwenye 3G au 2G ukapokelee huko. Zile sekunde za kimya anazozisikia kabla haijaanza kuita, sehemu yake ni safari hiyo. Ukishukia kwenye H, yaani 3G, picha itajikokota. Ukishukia kwenye E, kwa kawaida data inasimama hadi ukate.

Dawa yake ni VoLTE, ambapo sauti nayo inakatwakatwa kuwa pakiti na kubaki 4G. Ingia mipangilio ya laini utafute swichi yenye jina hilo. Isipokuwepo, au ikiwepo na E bado inatokea, basi simu yako au mtandao wako, pale ulipo, hauna huduma hiyo.

Usikimbilie kuweka laini ya pili kwenye simu hiyohiyo. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja ya kuwasiliana na mnara. Ukiongea kwenye laini hii, data ya ile nayo inasimama. Namba ya wateja ihamishie kwenye kitochi, simu janja ibaki na picha zake.