Maswali Yenu: Hobbes, Locke, Rousseau na Mkataba Usio na Saini

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilipewa insha ya kulinganisha wanafalsafa Hobbes, Locke na Rousseau kuhusu mkataba wa kijamii, yaani makubaliano ya watu yanayoihalalisha serikali. Nikaandika kwamba kwa Hobbes binadamu ni mbaya, kwa Rousseau ni mwema, na Locke yuko katikati. Mwalimu amenirudishia, pembeni kaandika maneno mawili tu: "Soma tena." Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea palepale panapokosewa na vijitabu vya kukariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayeenea kwenye kibandiko chepesi hivyo.

Tuanze na Hobbes, maana ndiye anayeonewa zaidi. Katika Leviathan (1651), sura ya 13, anasema wazi kwamba tamaa na hisia za binadamu si dhambi zenyewe. Hoja yake kuhusu hali ya asili, yaani maisha pasipo serikali, inakwenda hivi. Kwanza, watu hawapishani sana kwa nguvu: aliye dhaifu kuliko wote anaweza kumuua mwenye misuli, kwa hila au kwa kuungana na wenzake. Kwa hiyo hakuna awezaye kulala usingizi wa kutojali. Pili, ugomvi una vyanzo vitatu: kugombea vitu, kutoaminiana, na kutafuta sifa. Kaa hapo kwenye kutoaminiana, kwa kuwa ndiko mzigo wa hoja uliko. Mtu mpole asiyetamani cha mwenzake naye atalazimika kumwahi jirani, kwani hajui kama jirani hajaanza kunoa panga. Na jirani anawaza vivyo hivyo. Vita havihitaji watu waovu. Vinahitaji watu wenye hofu, na pasiwe na wa kuwaamua.

Rousseau naye, katika Hotuba juu ya chanzo cha kutokuwa sawa kwa binadamu (1755), anaposema binadamu ni mwema kwa asili, hana maana ya wema wa kimaadili. Mtu wa asili, anasema, hana wema wala uovu wa kimaadili, kwa sababu anaishi peke yake, hana uhusiano wa kudumu na yeyote. Alichonacho ni kujipenda kwa kujihifadhi, pamoja na huruma anapoona kiumbe kingine kinateseka. Uovu unaingia baadaye, watu wanapoanza kuishi pamoja na kujipima kwa macho ya wengine: nani mzuri zaidi, nani anaimba vizuri zaidi. Ule msemo wa "mshenzi mwema" anaobandikwa si wake hata kidogo. Umo katika tamthilia ya John Dryden, Mwingereza wa karne ya 17.

Locke hayuko katikati ya chochote. Kwake hali ya asili tayari ina sheria, na akili inamfundisha kila mtu asimdhuru mwenzake katika uhai, afya, uhuru wala mali. Kasoro ni kwamba kila mtu ni hakimu wa kesi yake mwenyewe, na mtu akijihukumia huwa anajipendelea.

Sasa insha yenyewe. Usianze na kibandiko cha "mbaya" au "mwema". Mchukue kila mmoja umuulize maswali manne, kwa mpangilio huuhuu: Katika hali ya asili kinakosekana nini? Watu wanatoa nini, na wanampa nani? Nani anafungwa na mkataba? Mkataba unakoma lini? Utaona jibu la kwanza linavuta mengine matatu kama uzi.

Kwa Hobbes kinakosekana kitu cha kuogopwa na wote. Kwa hiyo kila mtu anaahidiana na kila mtu mwingine kuacha haki ya kujitawala, na haki hiyo anapewa mtu wa tatu au baraza. Angalia vizuri: huyo wa tatu hakuahidi chochote. Ndiyo maana hawezi kushtakiwa kwamba amevunja mkataba; hakuwa upande wa mkataba.

Kwa Locke vinakosekana vitu vitatu, naye anavihesabu: sheria iliyowekwa na kujulikana, hakimu asiyeegemea upande, na nguvu ya kutekeleza hukumu. Watu wanatoa kidogo tu, yaani haki ya kuhukumu na kuadhibu kwa mikono yao. Tena kuna hatua mbili, na wengi huziruka. Kwanza kila mmoja anaridhia kuwa jamii moja. Kisha wengi ndani ya jamii hiyo wanaweka serikali. Serikali inashika madaraka kama amana. Mwenye amana akiila, amana inarudi kwa wenyewe.

Kwa Rousseau tatizo ni gumu zaidi: watu wamekwisha kutegemeana, hawawezi kurudi msituni, basi wataishije pamoja bila mmoja kuwa mtumwa wa mwingine? Katika Mkataba wa Kijamii (1762) kila mtu anajitoa mzima mzima kwa wote, na kwa kuwa kila mmoja amefanya hivyo, hakuna aliyejitoa kwa mtu fulani. Watu wote pamoja ndio mamlaka kuu. Serikali ni wakala wao tu, wanaweza kumbadilisha. Ukiandika "Rousseau anaipa serikali mamlaka yote" umeanguka, na ndilo kosa linaloangusha insha nyingi.

Kosa la pili: kuvichanganya vitabu vyake viwili. Kile cha 1755 nacho kina mkataba, lakini ni wa ulaghai. Tajiri anayehofia mali yake anawaambia maskini, "tuungane tulindane," nao wanakimbilia minyororo wakidhani ni usalama. Mkataba wa 1762 ni wa namna ambavyo mambo yangeweza kuwa halali. Mmoja ni ugonjwa, mwingine ni dawa iliyopendekezwa. Ukivichanganya utasema Rousseau anajipinga.

SWALI: Je, kwa Hobbes raia hana haki yoyote? Mtawala akiagiza niuawe, niende nikainamishe shingo?

JIBU: Hapana. Uliingia kwenye mkataba ili uishi, kwa hiyo ahadi ya kutojitetea dhidi ya anayekuja kukuua ni batili tangu mwanzo. Katika sura ya 21 Hobbes anasema hata aliyehukumiwa kwa haki ana uhuru wa kukataa amri ya kujiua au kujijeruhi. Lakini usichukue zaidi ya hapo: mtawala naye hatendi dhulma akituma askari. Pia utii unadumu kwa muda ule tu ambao mtawala ana nguvu ya kuwalinda watu. Akishindwa kuwalinda, kamba imekatika. Mtu aliyeishi kipindi cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, na Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, alijua alichokuwa anakisema.

SWALI: Mimi sikutia saini mkataba wowote na serikali yoyote. Wanafalsafa hawa wananihusu nini?

JIBU: Swali lako lina zaidi ya miaka 270, na hapa ndipo Locke anapochechemea vibaya. Yeye anajibu kwa ridhaa ya kimya: ukimiliki ardhi ndani ya nchi, ukipanga chumba kwa wiki moja, au hata ukipita tu barabarani kwa uhuru, umeridhia kutii sheria za hapo kwa muda huo. Ridhaa inayotolewa kwa kutembea barabarani ni nyepesi mno, na mwanafalsafa David Hume aliiparua mwaka 1748. Mkulima maskini asiyejua lugha ya nchi nyingine wala desturi zake, anayeishi kwa ujira wa siku, utasemaje yuko huru kuondoka? Ni sawa na kumwambia mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini kwamba ameridhia kutawaliwa na nahodha, eti kwa kuwa anaweza kujirusha baharini. Hume mwenyewe aliona serikali nyingi zilianza kwa nguvu au unyang'anyi, na tunazitii kwa sababu bila utii jamii haisimami.

Wanafalsafa waliofuata waliacha kuutafuta mkataba kwenye historia, wakaufanya kipimo. Immanuel Kant, mwaka 1793, alisema mtunga sheria ajiulize: je, umma mzima ungeweza kuiridhia sheria hii? John Rawls, mwaka 1971, alikaza kipimo hicho. Fikiria mnachagua kanuni za jamii nyuma ya pazia, hujui kama utakuwa tajiri au maskini, mzima au mgonjwa, wa dini ipi au jinsia ipi. Kanuni ambayo ungeikataa ukiwa huko ina walakini. Kwa hiyo swali si "ulisaini?" bali "ungekuwa na sababu ya kukataa?" Hata hivyo kuna waliouliza kikaoni waliitwa akina nani. Carole Pateman (1988) alionyesha kwamba mkataba wa jadi uliwaacha wanawake chini ya wanaume. Charles Mills (1997) akaonyesha vivyo hivyo kwa watu wasio weupe. Ukosoaji huo nauona una uzito kuliko wa Hume, kwa sababu hausemi mkataba haukuwapo. Unasema ulikuwapo, wa wachache.

SWALI: Utashi wa umma wa Rousseau, yaani nia ya watu wote kwa manufaa ya wote, una tofauti gani na kura za walio wengi?

JIBU: Chukua watu 100 wanaopanga kodi. Sitini wana mashamba makubwa, nao wanapitisha kwamba kodi yote ilipwe na wale 40 wenye madogo. Kura zimetosha, lakini kwa Rousseau hiyo si sheria, ni kundi linalojipendelea. Sheria lazima itoke kwa wote na iwabane wote kwa masharti yaleyale. Tena swali wanaloulizwa wapiga kura si "unataka nini?" bali "nini kinatufaa sote?" Watu wakijibu la kwanza, unachopata ni jumla ya tamaa za kila mmoja.

Kuhusu hesabu yuko wazi kuliko wanavyomsema. Mkataba wa mwanzo unahitaji wote bila kubaki mmoja. Baada ya hapo, jambo likiwa zito kura zikaribie wote. Likiwa la haraka, hata kura moja ya ziada yatosha. Anapotia wasiwasi ni pale anaposema aliyeshindwa kwenye kura alikuwa amekosea kuujua utashi wa umma, na kwamba asiyeutii atalazimishwa "kuwa huru". Mtawala mjanja akishika sentensi hiyo, ana fimbo tayari.

SWALI: Ni kweli Locke aliandika kitabu chake, Risala Mbili juu ya Serikali, kutetea mapinduzi ya Uingereza ya 1688, yaliyomwondoa Mfalme James wa Pili?

JIBU: Kilitoka baada ya mapinduzi, mwishoni mwa 1689, bila jina la mwandishi; alikiri ni chake katika wosia tu. Lakini wachunguzi wengi wanaona sehemu kubwa iliandikwa miaka ya mwanzo ya 1680, kumjibu Robert Filmer aliyedai wafalme wamerithi ubaba wa Adamu. Andika "kilitumika kutetea" na utakuwa salama.

SWALI: Kwani hakuna waliofikiri mambo haya nje ya Ulaya?

JIBU: Wapo, tena wa mapema. Nchini China ya kale, mwanafalsafa Mencius alisema yeyote akimwona mtoto anataka kutumbukia kisimani atashtuka kabla hajafikiria sifa wala faida; Xunzi akajibu kwamba maumbile ni kama mti uliopinda, haunyooki mpaka upashwe mvuke na kukazwa. Hata hivyo hakuna kati yao anayehitaji mkataba.

Wa kumsoma kando ya Hobbes ni mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332. Katika Muqaddima (1377) anaanza na mkate: chakula cha siku moja cha mtu mmoja kinataka kusaga, kukanda na kuoka, na vyombo vyake vinataka mhunzi, seremala na mfinyanzi. Peke yako huwezi. Lakini watu wakikusanyika wanadhulumiana, hivyo anahitajika mzuiaji mwenye nguvu juu yao. Mpaka hapo utadhani ni Hobbes. Wanaachana kwenye swali la mzuiaji anapata wapi nguvu. Ibn Khaldun anasema ni asabiya, mshikamano wa kundi lake, ambao huchakaa kwa raha za mjini, na kwa kawaida nasaba ya watawala haivuki vizazi vitatu, takribani miaka 120. Mweke kwenye maswali yale manne ya insha: matatu ya mwisho hayana cha kushika kwake, kwa kuwa hakuna aliyeahidi kitu.