Panga kidogo, fitina nyingi

Dada wa Goma, umeomba riwaya za kihistoria zenye mapigano ya panga, ila fitina iwe nyingi kuliko damu. Anza na Les Trois Mousquetaires ya Alexandre Dumas. Ilitoka kipande kwa kipande gazetini Paris mwaka 1844, ndiyo maana kila sura inakuacha roho juu. Wengi wanamsifu shujaa wake, kijana d'Artagnan. Mimi macho yangu yako kwa kardinali Richelieu, anayetisha watu kwa barua na wapelelezi tu. Na Milady, jasusi wake wa kike, je! Amefungwa Uingereza, hana silaha, lakini kwa siku chache anamgeuza mlinzi wake Felton kuwa muuaji kwa maneno matupu. (Nimekufunulia, unisamehe.) Tena Felton si wa kubuni: kweli alimchoma kisu Duke wa Buckingham, waziri mkubwa wa mfalme wa Uingereza, huko Portsmouth, 1628. Dumas alichofanya ni kumweka mwanamke nyuma ya kile kisu. Sura zile nilizisoma ndani ya boti ya usiku kutoka kwenu, tukafika Bukavu sijafumba jicho.

Ukimaliza, tafuta Le Bossu ya Paul Féval, 1857. Shujaa wake, Lagardère, anajifanya kibiongo na kukodisha nundu yake iwe meza ya kuandikia kwa wachuuzi wa hisa. Mwanzo wake ni mzito kidogo, vumilia.

Ila angalia jalada kabla ya kulipa: nakala zilizofupishwa kwa wanafunzi wanakata fitina, wanabakiza panga.