Jibu: Nikate nywele ziishie wapi?
Habari dada. Msusi anataka ukate fupi, wewe unahofia uso wako mrefu. Kwanza laza penseli chini ya kidevu, simamisha rula kuanzia chini ya ndewe ya sikio. Penseli ikikatiza rula kabla ya sentimita 5.7, fupi itakupendeza. Ikizidi, bakiza ndefu. Kipimo hicho ni cha msusi Mwingereza, John Frieda.

Ila nywele zetu hujikunja! Mimi nilikatwa hapa Mwanjelwa zikiwa zimenyooshwa kwa draya, zikagusa kidevu. Nilipoziosha zikapanda hadi masikioni, na ilikuwa Julai, baridi ya Mbeya ikanikomesha. Zioshe, zikauke zenyewe, ndipo mkubaliane urefu. Kama zina dawa, hilo sijalipitia.