Gitaa lililotumika lenye tremolo ya kufunga: kagua chuma kabla ya rangi

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: gitaa la umeme lililotumika, la bei nafuu, lenye tremolo ya kufunga, yaani daraja la nyuzi linalosogezwa kwa mkono wa chuma ili kushusha au kupandisha sauti, na ambalo nyuzi zake hubanwa kwa skrubu pande zote mbili, juu shingoni na chini kwenye daraja. Nimezipanga kuanzia kwa anayetafuta hadi kwa aliyekwisha kununua.

Fundi, shikamoo. Nina hela ya gitaa moja tu. Nimeona mawili ya bei sawa: moja jipya la kiwango cha chini, lingine la zamani lenye mikwaruzo tele, ila daraja lake limeandikwa Edge. Nichukue lipi?

Marahaba. Chukua la zamani, mradi lipite ukaguzi nitakaoueleza kwenye jibu linalofuata.

Sababu iko kwenye namna mtambo huu unavyofanya kazi. Floyd Rose alipata hataza ya tremolo yake mwaka 1979, na hadi leo nyingi zimejengwa kwa wazo lilelile. Daraja zima limeegemea nguzo mbili tu, na linazigusa kwa kingo mbili kali kama za kisu. Upande mmoja nyuzi zinalivuta kuelekea shingoni. Upande wa pili, ndani ya tundu la mgongoni, springi zinalirudisha. Seti ya kawaida ya nyuzi za 9 hadi 42 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi) inavuta karibu kilo 38. Mzigo wote huo unakaa kwenye kingo mbili nyembamba, na kila ukibonyeza mkono wa tremolo, kingo hizo zinajizungusha juu ya nguzo.

Chuma kikiwa kigumu, kingo zinadumu miaka mingi. Kikiwa laini, zinalika na kuingia vibonyeo vidogo, na daraja linakuwa na sehemu mbili au tatu za kutulia badala ya moja. Hapo hakuna kutyuni kutakakosaidia. Ndiyo maana nasema kwenye gitaa la aina hii unanunua daraja kwanza, halafu shingo, na vingine vyote vinafuata nyuma.

Kwa hiyo soma jina lililopigwa kwenye chuma. Floyd Rose Original, inayotengenezwa na Schaller wa Ujerumani, ni ya kuaminika hata ikiwa kongwe. Floyd Rose 1000 inatoka Korea, na vipuri vyake vinaingiliana na vya Original, jambo zuri kwa mwenye bajeti ndogo. Edge ya Ibanez, iliyokuja na magitaa kama RG550 ya mwaka 1987, pamoja na Lo-Pro Edge iliyofuata, ni imara mno. Nimeona za umri wa miaka mingi bado zinarudi palepale. Madaraja ya Gotoh nayo usiyaogope. Floyd Rose Special ina vitandiko vya nyuzi (vile vipande vinavyobeba kila uzi darajani) na kipande cha chini vya aloi ya zinki, kwa hiyo inavumilika kwa mpigaji mpole, na baadaye unaweza kubadilisha vipande hivyo. Edge III mimi ningeipita, isipokuwa gitaa lenyewe liwe zuri sana na bei iwe ya chini sana.

Halafu kuna yale yaliyoandikwa tu "Licensed under Floyd Rose Patents". Maneno hayo yanakwambia kwamba mtengenezaji alipata kibali cha kutumia hataza. Kuhusu ugumu wa chuma hayakwambii chochote, na yamepigwa kwenye madaraja mazuri sana na mabovu sana. Yakiwa peke yake, yachukulie kama hujaambiwa kitu.

Nakwenda kuonana na muuzaji kesho. Atanipa dakika chache tu. Nikague nini?

Beba tyuna (kifaa cha kupimia sauti za nyuzi), tochi ndogo na spana za aleni, zile zenye umbo la L, za milimita 3 na 2.5. Ya milimita 3 ndiyo inayofungua kibano cha juu na skrubu zinazobana nyuzi kwenye daraja nyingi za aina hii.

Anza na jaribio ambalo muuzaji hawezi kulipinga. Tyuni nyuzi zote, hakikisha kibano cha juu kimefungwa. Bonyeza mkono mpaka nyuzi zilegee kabisa, uachie polepole, kisha angalia tyuna uzi baada ya uzi. Sasa uvute mkono juu, uachie, angalia tena. Gitaa lisilo na ubovu linarudi kwenye sauti ileile mara zote mbili, au tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba sikio halishtuki.

Lisiporudi, angalia limepotea vipi, maana hapa ndipo utakapojua kama ubovu ni wa senti au wa fedha nyingi. Uzi mmoja ukishuka peke yake na mingine ikabaki sawa, tatizo ni la uzi huo: haukubanwa vizuri, au ni mpya na bado unavutika. Hilo linatibika palepale. Nyuzi zote sita zikishuka pamoja baada ya kubonyeza, kisha zikapanda pamoja baada ya kuvuta, daraja lenyewe halirudi mahali pake. Kingo zimelika, au nguzo zimelika, au nguzo zinacheza kwenye mbao.

Thibitisha kwa kidole. Weka ncha ya kidole kati ya nguzo na mwili wa gitaa, kisha tikisa mkono wa tremolo taratibu. Nguzo haitakiwi kusogea hata kidogo. Ukihisi inayumba, mulika tochi mbao za kuzunguka nguzo, hasa upande wa pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya nyuma. Mstari mwembamba kwenye rangi unaotoka kwenye nguzo kuelekea shimo la pikapu ni ufa unaoanza. Mbao ndiyo imeshindwa kubeba, na kuitengeneza ni kazi ya seremala mzuri wa ala. Gitaa la bei nafuu halistahili gharama hiyo. Shukuru, uondoke.

Mengine ni ya haraka. Ingiza spana kwenye kila skrubu ya daraja na ya kibano cha juu uone kama inashika. Matundu yaliyoliwa yakawa ya mviringo ni usumbufu wa kila wiki. Kutu ya juujuu kwenye skrubu isikutishe, lakini kutu kwenye kingo zenyewe ikutishe. Tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea daraja: iliyopinda kidogo kwa mbele inarekebishika, iliyojisokota ni ya kuacha. Piga kila noti kwenye nyuzi mbili nyembamba ukisikiliza mkwaruzo au sauti inayokufa.

Mwisho geuza gitaa, ufungue kifuniko cha mgongoni kama muuzaji anaruhusu. Springi ziwe tatu au nne, zinazofanana, na skrubu mbili zinazoshika kibao cha springi zisiwe zimeng'oka kwenye mbao.

Muuzaji anasema mkono wa tremolo umepotea na vibano viwili vya juu havipo, ila "ni vitu vidogo". Ni kweli?

Inategemea daraja. Kwa Floyd Rose Original, 1000 na Special, vipande hivyo vinauzwa kimoja kimoja na kupatikana si kazi. Kwa daraja ambalo mtengenezaji wake hajulikani, mkono unaweza kuwa na uzi wa skrubu usiolingana na mkono wowote mwingine, na ukajikuta unatafuta kipande kisichouzwa tena. Kabla ya kutoa hela, hakikisha kipuri kipo kwa jina la daraja hilo hilo, kisha uombe bei yake ipunguzwe kwenye bei ya gitaa. Kibano cha juu kina vipimo tofauti vya upana na mviringo. Kwa Floyd Rose utaona namba kama R2 au R3 imepigwa kwenye chuma. Iandike.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitazami: kile kijiti cha chuma kichwani, nyuma ya kibano cha juu, kinachokandamiza nyuzi. Kisipokuwepo pale kinapohitajika, kila ukikaza kibano nyuzi zinapanda sauti, na utalilaumu daraja bure.

Nimenunua. Nikabadilisha nyuzi, nikaweka za 10 badala ya 9. Sasa daraja limeinuka nyuma kama linataka kuruka, na nikityuni uzi mmoja mingine inashuka. Nimeliharibu?

Hujaliharibu hata kidogo, ndugu yangu. Seti ya 10 hadi 46 inavuta karibu kilo 47, na springi zako zilikuwa zimepangwa kwa 38. Nyuzi zimeshinda, daraja limelala kuelekea shingoni.

Fungua kifuniko cha mgongoni. Kaza zile skrubu mbili za kibao cha springi robo mzunguko kila moja, tyuni nyuzi zote tena, tazama daraja limelalaje. Rudia. Unachotaka ni kulitazama gitaa kwa ubavu na kuona bamba la daraja liko sambamba na mwili wakati nyuzi zote ziko kwenye sauti yake. Skrubu zikifika mwisho kabla ya hapo, ongeza springi moja. Nyuzi kushuka unapotyuni mwenzake ni tabia ya daraja linaloelea, kwa hiyo zungukia zote raundi kadhaa. Kila raundi tofauti inapungua. Kibano cha juu kinafungwa mwisho kabisa, na skrubu ndogo za kutyuni za darajani ziwe katikati ya safari yake kabla hujakifunga.

Ukitaka kupandisha au kushusha nguzo, legeza nyuzi kwanza. Kuzungusha nguzo huku kilo 47 zinaikandamiza kunazikata zile kingo, na hapo unazeesha daraja kwa mkono wako mwenyewe.

Mimi napiga nyimbo za tyuni tofauti tofauti jioni moja. Gitaa hili litanifaa?

Halitakufaa. Kila ukibadilisha tyuni unavuruga mizani yote niliyoeleza hapo juu. Unaweza kuweka kipande cha mbao ndani ya tundu la nyuma ili daraja libonyezeke chini tu na lisivutike juu. Tyuni zitabadilika kwa urahisi zaidi, na uzi ukikatika jukwaani mingine haitapanda. Lakini kama mkono wenyewe utautumia mara moja moja, tafuta gitaa la daraja lisilosogea. Kwa hela hiyohiyo utapata lenye shingo bora.

Lazima nikate kile kidonge cha mwisho wa uzi kila ninapobadilisha?

Si lazima. Pitisha uzi kinyume, kidonge kibaki kichwani kwenye kifunguo, na ncha tupu ndiyo iingie darajani. Bana kwa nguvu ya vidole viwili kwenye spana, isizidi hapo. Wanaokaza kwa mkono mzima ndio wanaopasua vitandiko. Na badilisha uzi mmoja mmoja, ili springi zisipate nafasi ya kulivuta daraja lote ndani.

Gitaa nililoliona lina daraja zuri la Gotoh, lakini pikapu moja haitoi sauti. Niliache?

Linunue, kama shingo ni nzima. Mara nyingi ni waya uliong'oka au swichi iliyochoka, na hata pikapu ikiwa imekufa kabisa, kuibadilisha ni kazi ya saa moja kwa bisibisi na kifaa cha kuchomelea waya kwa risasi.