Muulize Fundi: “Monita Imepotea Baada ya Sasisho”

*Fundi, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nina kibanda cha uchapishaji na kazi yangu kubwa ni vijitabu vya mazishi. Laptopu yangu ni ndogo, kwa hiyo nimeiunganisha na monita ya inchi 22 ambayo nimeigeuzia wateja, ili familia isome majina na kusahihisha kabla sijachapa. Jumanne usiku niliiacha laptopu ikihama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, nikalala. Asubuhi laptopu iliwaka vizuri, lakini monita inaandika “No Signal”, kisha inajizima. Monita ina soketi ya VGA na laptopu ina soketi ya HDMI pekee, kwa hiyo katikati pana ile adapta ndogo nyeusi. Fundi wa jirani alichungulia akasema monita imeungua, nimpe elfu saba aniletee nyingine. Nina familia mbili zinazozika Jumamosi. Nifanyeje? — Mama wa Vijitabu, Kondele*

Mama, hizo elfu saba zirudishe kwenye pochi. Monita iliyoungua haiandiki kitu. Yako imepata stima, imewasha taa ya kioo, imetafuta picha, imeikosa, na imekwambia hivyo kwa maandishi. Kilichokatika ni mazungumzo kati yake na laptopu. Na kwa kuwa Jumanne jioni yalikuwepo, na hakuna aliyegusa waya usiku ule, mimi simlaumu mgonjwa uliyeonyeshwa.

Kabla ya matengenezo, tuziangalie kwanza zile familia mbili. Hifadhi kila kijitabu kama PDF umtumie msemaji wa familia kwa WhatsApp, asome kwenye simu pamoja na wazee, akujibu kwa maandishi kwamba majina yako sawa. Ukiwa na televisheni ya kisasa kibandani au kwa jirani, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na K. Televisheni inayopokea picha bila waya itajitokeza kwenye orodha. Nalisema hili mwanzo kwa sababu najua kazi yako. Jina la mjukuu likiachwa nje ya kijitabu, familia italisoma pengo hilo kila mwaka wa kumbukumbu. Skrini ile uliyoigeuzia wateja inakulinda wewe na inawalinda wao, na ndiyo maana nataka irudi.

Sasa shika kibodi. Bonyeza kitufe cha dirisha pamoja na herufi P. Utaona njia nne: skrini ya laptopu peke yake, picha ileile kwenye zote mbili, kupanua, na skrini ya pili peke yake. Baada ya sasisho kubwa mpangilio huu huweza kurudi kwenye ile ya kwanza. Chagua “Duplicate” ikiwa unataka familia ione unachokiona wewe. Ikikataa, bonyeza kwa pamoja kitufe cha dirisha, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa mara moja na huenda ukasikia mlio mfupi. Hapo sehemu inayochora picha imeanzishwa upya, na kazi uliyofungua haipotei.

Jambo la pili, washa upya laptopu kwa kuchagua “Restart”. Najua utaniambia umeizima na kuiwasha mara kumi. Kwenye laptopu nyingi, ukizima Windows kwa njia ya kawaida haizimiki yote: huweka sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka asubuhi, na tatizo la jana huamka nayo. “Restart” huanza kila kitu upya. Wakati inawaka, chomoa pia waya wa stima wa monita ukutani, subiri dakika tano, rudisha. Usitosheke na kubonyeza kitufe chake cha mbele.

Hapo kama bado giza, tunafika mahali ninapoamini tatizo lako limelala. Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua “Device Manager”, kisha fungua mstari wa “Display adapters”. Soma jina lililoandikwa chini yake. Ukikuta jina la kampuni iliyotengeneza kichakataji cha picha, kwa mfano Intel au AMD, likifuatwa na neno Graphics, draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa hicho, ipo. Ukikuta “Microsoft Basic Display Adapter”, umempata mhusika. Hiyo ni draiva ya dharura. Windows huitumia inapokosa ile halisi, na kazi yake ni kukuwezesha kuona kioo cha laptopu tu. Monita ya pili haiijui. Utagundua pia kwamba maandishi yamekuwa makubwa kupita kawaida au huwezi kupunguza mwanga wa skrini.

Nina deni la kulieleza hili taratibu. Mwaka juzi mwalimu mmoja kutoka upande wa Ahero aliniletea laptopu na monita, malalamiko yakiwa kama yako neno kwa neno. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha nyingine, nikamwambia monita imekufa, nikamuuzia laptopu nyingine iliyokuwa dukani pamoja na monita yake. Ile ya kwake niliiweka kwenye rafu nikiwaza kuitoa vipuri. Baada ya wiki moja niliichomeka kwa mteja mwingine ili nijaribu soketi, ikawaka safi kama mpya. Nikaitoa laptopu yake ya zamani, nikafungua ule ukurasa, nikakuta draiva ya dharura. Dakika ishirini za kupakua draiva sahihi, na vitu vyote viwili vikafanya kazi. Nilimpigia simu, nikamrudishia vifaa vyake na pesa zake. Alikuwa ameuza kuku wa mkewe ili anilipe. Tangu hapo sitamki neno “imeungua” mbele ya mteja kabla sijasoma jina lile kwa macho yangu.

Dawa yake ni hii. Geuza laptopu, soma namba kamili ya modeli kwenye kibandiko cha chini. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoiunda, andika namba hiyo, pakua draiva ya picha ya Windows 11, isakinishe, kisha “Restart”. Usipakue zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote bure. Nyingi huja na mizigo ambayo hukuiomba, na nimesafisha mashine za kutosha baada yake.

Kama jina ulilokuta ni la draiva halisi lakini monita bado haionekani, basi sasisho huenda limeleta toleo jipya lisiloelewana na kifaa chako. Bofya jina hilo mara mbili, ingia sehemu ya “Driver”, bonyeza “Roll Back Driver”. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna toleo la zamani lililohifadhiwa. Rudi kwenye tovuti ya kampuni.

Na adapta? Usiidharau. HDMI hubeba picha kwa tarakimu, VGA huibeba kwa mawimbi ya umeme, kwa hiyo ndani ya kile kipande cheusi mna kichakataji kidogo kinachotafsiri, na chakula chake ni volti 5 zinazotoka kwenye soketi ya HDMI yenyewe. Kikichoka hakitoi moshi wala harufu, kinanyamaza tu. Njia ya kukijaribu ni kukiruka: chukua waya wa HDMI wa kawaida, chomeka laptopu moja kwa moja kwenye televisheni ya nyumbani. Televisheni ikionyesha picha, laptopu na draiva ni wazima, na unachohitaji kununua ni adapta peke yake.

Ukishaichomoa, itazame pia ile plagi ya VGA kwenye mwanga. Ina nafasi 15 za pini, safu tatu za tano tano. Ya nne kwenye safu ya katikati, yaani ya 9, mara nyingi haipo tangu kiwandani, usishtuke. Zitazame za safu ya chini: ya pili na ya mwisho, yaani ya 12 na ya 15. Hizo mbili hazibebi picha hata kidogo. Kupitia hizo monita hujitambulisha: hutuma kifurushi kidogo cha habari chenye jina la aliyeiunda na ukubwa wa picha inaoukubali. Moja ikipinda ikalala, monita huweza kuwa nzima na kompyuta isijue kwamba kuna mgeni mlangoni. Nimezinyoosha pini za namna hiyo kwa ncha ya kalamu tupu ya wino, polepole, waya ukiwa umechomolewa.

Kuna watakaokushauri urudi Windows 10 mara moja. Njia ipo: kwenye mipangilio, sehemu ya “System”, kisha “Recovery”, kitufe cha “Go back”. Kinadumu siku 10 tangu ulipohama, baada ya hapo mafaili ya zamani hufutwa, na ukiendesha usafishaji wa diski ukayaondoa mwenyewe, hakitafanya kazi hata siku ya pili. Mimi ningekiacha kiwe cha mwisho kabisa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine inayopokea flashi za kila mteja mjini isikae muda mrefu bila viraka vya usalama. Rudi ikiwa tu Ijumaa imefika na kazi imekwama, halafu panga kuhama tena kwa utulivu.

Neno la mwisho kwako, Mama, na kwa wote tunaoishi kando ya ziwa. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma, usitosheke na kuzima swichi. Chomoa stima, na chomoa pia waya unaounganisha monita na laptopu. Radi ikiingia kupitia soketi ya monita, waya ule ndio barabara yake ya kufika kwenye laptopu.

*Fundi, mimi ni mwalimu karibu na Butere. Kompyuta ya maabara yetu ni ya mezani, inatumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows na ina kadi ya picha ya Nvidia. Baada ya sasisho la wiki jana projekta haionekani kabisa, na skrini iliyobaki ina picha kubwa zilizofifia. — Mwalimu wa Maabara*

Mwalimu, kwako sasisho lilileta kiini kipya cha mfumo (kernel), na draiva ya kadi yako haikujengwa pamoja nacho. Thibitisha hivi: wakati kompyuta inawaka bonyeza Esc, au ushikilie Shift kwenye mashine za zamani, hadi itokee orodha ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo uwake vipi. Ingia “Advanced options”, chagua kiini chenye namba ya chini kuliko kile cha kwanza. Projekta ikirudi, umepata jibu na somo la leo linaweza kuendelea.

Jioni, rudi kwenye kiini kipya, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika `sudo ubuntu-drivers install`, kisha uwashe upya. Hapa walimu wengi hukwama. Kama usalama wa kuwasha, ule unaoitwa Secure Boot, umewashwa, wakati wa kusakinisha utaombwa uunde nenosiri, na kompyuta ikiwaka tena utaletewa ukurasa wa buluu unaokutaka uliandike ili draiva ikubaliwe. Ukurasa huo haukai sana. Ukiupita kwa kubonyeza Enter ovyo, draiva ipo kwenye diski lakini mfumo unakataa kuipakia. Liandike nenosiri kwenye karatasi kabla ya kuanza. Ukimaliza, andika `nvidia-smi`. Jedwali lenye jina la kadi likitokea, chomeka projekta. Na hakikisha waya wake uko kwenye soketi za kadi yenyewe, zile zilizolala kwa pamoja chini zaidi nyuma ya kasha. Soketi iliyo karibu na za kibodi ni ya bodi kuu, na mara nyingi hunyamaza kadi inapokuwepo.

*Fundi, niko chuoni Njoro. Nina MacBook Air ya M1 na monita mbili kupitia kituo cha USB-C cha DisplayLink (kile kisanduku cha kuunganishia vifaa). Baada ya sasisho la macOS, zote mbili zimepotea ingawa kituo kinachaji kama kawaida. — Mwanafunzi*

Ndugu yangu, kuchaji hakuthibitishi picha. Ni kazi mbili tofauti zinazopita waya mmoja. M1 kwa uwezo wake wenyewe huendesha monita moja tu ya nje. Hiyo ya pili uliipata kwa sababu programu ya DisplayLink hunasa picha ya skrini na kuipeleka kupitia USB, na kwa macho ya macOS kunasa huko ni kurekodi skrini. Baada ya sasisho ruhusa hiyo huweza kuondolewa. Sakinisha toleo jipya la programu, kisha fungua mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, utafute ruhusa ya kurekodi skrini, uiwashe mbele ya jina la programu hiyo. Ikiwa tayari imewashwa, izime na kuiwasha tena, funga programu na uifungue. Kama una mtihani kesho na huna muda, chomeka monita moja kwa waya wa USB-C unaobeba picha, bila kupitia kituo. Hiyo moja haihitaji ruhusa ya mtu.